Miparachichi ya Fidia

Watu wa mbali wakisikia nimekulia Kewanja, kando ya mgodi, huniuliza kama nimewahi kuokota dhahabu. Nimezoea. Nawaambia nimeokota mavi ya ng'ombe, ya kutia shambani, na hapo mazungumzo huisha. Hakuna anayeuliza shamba lenyewe liliishia wapi. Basi leo nitasema bila kuulizwa, maana nimekaa na jambo hili kifuani mpaka limenichosha.

Baba yangu alikuwa mkulima. Simaanishi mkulima wa kuandikwa kwenye karatasi kwa sababu mtu hana kazi nyingine ya kuandika. Alilima kweli. Mahindi, mtama, ulezi wa uji na wa pombe, muhogo, migomba nyuma ya nyumba. Alivuta kamba kabla ya kupanda, na mstari ukipinda alifukia mashimo akaanza upya, huku majirani wakimcheka kwamba anapima barabara ya lami. Mimi nilishika ncha ya pili ya kamba ile tangu nikiwa darasa la pili. Nilipomaliza sekondari na kusema nataka kusomea kilimo, mama alishangaa. Kwake kusoma kulikuwa njia ya kulikimbia jembe. Baba hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu chuo kiko wapi.

Mwaka wa kwanza ulilipwa na ng'ombe. Kwetu Wakurya ng'ombe wa nyumbani wana kazi yao inayojulikana, nayo ni kuwaozesha wavulana. Kaka zangu waliona wanyama wao wanapelekwa mnadani kwa ajili yangu, wakanuna mwaka mzima. Mkubwa wao alisema mbele yangu, "Ng'ombe wa kuolea tumempa msichana akasomee jembe." Baba alimwambia anyamaze, lakini zizi lilikuwa limepungua, na kila mtu aliona kwamba mwaka wa pili hautalipwa na zizi lile. Nilijua nisipopata mtu wa kunisaidia, elimu yangu imeishia hapo.

Msaada huo nilielekezwa na mwenzangu wa chumbani. Yeye alitoka kisiwani, huko ziwani, kijiji ambacho mgonjwa husubiri boti na bwana shamba huonekana msimu hadi msimu. Alikuwa analipiwa na mfuko mmoja wa ufadhili ulioanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa kilimo wa visiwa kama chao. Mwaka ule mfuko ulianza kuchukua na watoto wa bara, wa vijiji vigumu. Masharti hayakuwa mengi. Uwe mtoto wa mkulima, uwe bado unamtegemea mzazi, na mzazi awe amekupa ekari moja unayolima mwenyewe, ili wakija waone unayosoma yanafanya kazi nyumbani. Ukimaliza, unarudi kwenu.

"Lakini ninyi si kisiwa," alinitania yule mwenzangu.

Nikamwambia upande mmoja tuna shimo la mgodi, upande wa pili tuna mlima wa kifusi, na katikati hakuna anayejua kesho atalala wapi. Kama hicho si kisiwa basi sijui kisiwa ni nini. Alicheka, akanisaidia kuomba.

Ekari nilikuwa nayo. Baba alinipa kabla sijaenda chuo, ile ya juu, karibu na barabara, udongo mweusi ambao hata mzembe angevuna. Nilikuwa nimepanda muhogo wa mbegu mpya, na katikati ya mistari nikatia maharage. Niliandika hivyo hivyo, muhogo na maharage. Mfuko ukajibu kwamba watakuja kuona wakati wa likizo, na siku hawataji, kwa sababu wanataka kukuta shamba lilivyo.

Nikarudi nyumbani na begi langu na furaha yangu yote. Niliposhuka kwenye bodaboda pale barabarani nilidhani dereva amenishusha pasipo penyewe. Muhogo haukuwepo. Palikuwa na miche ya miparachichi, imeshonana unyayo kwa unyayo, huwezi kupitisha hata mguu. Katikati yake pamesimama kijumba cha mabati mapya yanayoumiza macho, mlango mmoja, dirisha hakuna.

Nilijua mara moja ni nini. Kwetu mtoto wa chekechea anajua. Mgodi ukihitaji ardhi, wathamini huja kwanza na kuhesabu kila kilichosimama juu yake, nyumba, mti, kaburi, shina la mgomba, na kila kimoja kina bei yake ya fidia. Tangu enzi ya rashi ya dhahabu, watu walipomiminika kutoka kila kona, kijiji chetu kilijifunza kuishi kwa kunusa mahali dhahabu inapoelekea. Sasa kilinusa mahali mgodi unapoelekea. Ukivuma uvumi kwamba unasogea upande fulani, upande ule wote huota miti na mabati kabla ya mwezi kuandama. Tunaita tegesha, kama vile unavyomtegeshea kware mtego, halafu unakaa pembeni kumngoja. Hakuna aliyeona aibu. Aliyeacha shamba lake na mahindi matupu ndiye aliyeonekana mjinga.

Baba nilimkuta uani ananoa panga.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mama. Umeliona shamba lako?"

"Nimeliona. Muhogo wangu uko wapi?"

"Mwingine tumekula, mwingine niling'oa. Muhogo hauna bei. Mparachichi ndio wenye bei."

Miche ililetwa na baba mdogo wa upande wa Kenya, ilipitishwa mpakani Sirari kwa pikipiki. Baba aliisifia kama mtu aliyeozesha binti vizuri.

"Tata, wewe ndiye uliyenifundisha nafasi. Miti hii haitaishi hivi."

"Nani amesema iishi? Ihesabiwe tu."

Haki ya Mungu, sentensi ile ilinivunja nguvu. Mtu aliyekuwa anafukia mashimo kwa sababu mstari umepinda kidogo, leo anapanda miti ili isiishi. Nikamweleza habari ya mfuko, kwamba watu wa ufadhili watakuja likizo hiyo hiyo, na wanakuja kuona ekari hiyo hiyo. Akasema waje, tutawachinjia kuku. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kichwani mwake mtu wa msaada ni mtu wa kanisa. Anakuja kwa miguu, ana Biblia kwapani, anakunywa chai, anaomba, anaondoka. Mtu wa aina hiyo hana shida na miparachichi.

Kung'oa miche alinikatalia kabisa. Nikalia, nikanuna, nikamtuma mama amwombe, wapi. Mwisho nikajitafutia njia yangu. Chini kijitoni palikuwa na kipande ambacho hakuna aliyekitegesha kwa sababu kilijaa magugu na hakikufika hata robo ya ekari. Nikakifyeka, nikakilima, nikapanda pingili za muhogo na maharage, kwa kamba, kila kitu mahali pake. Maharage yakaota vizuri. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wakija, nawapokea mimi, nawaeleza ukweli wa miche kabla hawajauliza, halafu nawashusha kijitoni wakaone kazi yangu. Sikutoka nyumbani bila sababu likizo yote ile, nikaacha hata kwenda kwaya.

Siku yenyewe mama alikuwa sokoni. Asubuhi mapema ulikuja uvumi kwamba wathamini wameingia kitongoji cha jirani, na baba akavaa koti lake la harusi na jua lote lile. Mimi nikaenda kisimani, maana hata ungoje wageni wa namna gani, maji lazima yachotwe. Nikiwa kwenye foleni nililiona gari jeupe likipita juu, likakata kona kuelekea kwetu. Nikaacha ndoo yangu pale pale na kukimbia.

Watu wa mfuko walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na mbele yao alikuwepo mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu kwetu gari lolote geni huongozwa na yeye. Wamevaa vizibao vya kung'aa. Nilikuja kuambiwa walivivaa kwa ajili ya malori ya barabarani, wasigongwe wakishuka kuuliza njia. Mwanamume ameshika kifaa cha kupimia eneo. Nani angemlaumu baba? Gari jeupe, vizibao, kipimo, mwenyekiti, na uvumi wa asubuhi. Kijiji kizima kingesema hao ndio wenyewe.

Baba alikuwa anatembea kando ya miche, fimbo imeinuliwa, koti limefungwa vifungo vyote. Sauti yake niliisikia kabla sijafika.

"Hii yote ni ya binti yangu. Na nyumba ile ni yake. Huyo ana mji wake, ameolewa, mume yuko Kenya kikazi. Mimi simlishi, anajitegemea."

"Kwa hiyo hakutegemei tena, mzee?" aliuliza yule mama mgeni.

"Hata kidogo. Tena ana uwezo kuliko mimi."

"Na yale mabati mengine kule?"

"Yangu. Nyumba zote zile ni zangu."

Lazima nieleze kwa nini alisema hivyo, maana anayesikia anaweza kudhani baba alikuwa mwendawazimu. Kila mwenye mji wake, yaani kaya yake, hulipwa fidia kivyake. Kwa hiyo wazazi walikuwa wanawagawia watoto vipande na kuwajengea vijumba, na mthamini akija, hata mtoto wa shule ana mji wake na ana mwenza wake. Baba alikuwa anasema yale ambayo kila mzee wa upande ule alikuwa ameyafanyia mazoezi. Aliyasema vizuri sana. Kila neno lilikuwa linanifuta kwenye mfuko.

Mwenyekiti alijua hao ni watu wa ufadhili, walijitambulisha ofisini kwake. Aliniona nikifika, akatazama viatu vyake. Angemkatiza baba vipi? Naye alikuwa na miparachichi yake, ng'ambo ya barabara, na kumwambia baba mbele ya wageni kwamba hawa si wa fidia kungekuwa kujianika mwenyewe.

Niliwaamkia wote. Yule mama akaniuliza kama mimi ndiye mwanafunzi, nikasema ndiyo. Baba akanikonyeza, maskini, akidhani namsaidia.

"Waambie, mama. Waambie mumeo anarudi lini."

Nikamsogelea na kumwambia kwa Kikurya, polepole ili nisimwaibishe, kwamba hawa ni watu wa ufadhili, wale niliomwambia, si watu wa fidia. Mpaka leo nashindwa kuamua ningefanya nini kingine. Kumkatiza baba kwa Kiswahili mbele ya wageni, hilo halikuwa jambo la binti kufanya. Alinitazama, akatazama vile vizibao, akatazama kile kipimo. Fimbo ikashuka taratibu.

"Kumbe," alisema. Kisha akawageukia kwa Kiswahili. "Wageni wangu, nisameheni. Huyu hajaolewa. Ile nyumba haina mtu, hata kitanda hamna, njooni mwone. Na zile nyingine ni mabati tu. Mimi ni mtu maskini."

Yule mwanamume alicheka kidogo, si kwa ubaya. Mwenzake hakucheka.

"Mzee, umetuambia ameolewa, ana mji wake na ana uwezo. Binti amekuja, mmenong'ona kwa lugha yenu, na sasa hajaolewa na ninyi ni maskini. Sisi tuamini lipi?"

"Amini hili la pili."

"Kwa nini tuamini la pili?"

Kujibu kulimtaka baba ataje tegesha mbele ya watu wenye kipimo na daftari, na bado moyoni hakuwa na hakika kwamba hawatalipeleka neno lile mgodini. Alisimama pale amevaa koti lake la harusi, jasho linamtiririka.

Basi nikasema mimi. Nikasema yote, kwa Kiswahili, mabati, miche kutoka Kenya, mume ambaye hajazaliwa. Nilimvua baba yangu nguo mbele ya wageni na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na yeye hakunizuia. Nilidhani ukweli ukisemwa wote hadi mwisho utasikika. Lakini nilijisikia mwenyewe jinsi ulivyosikika. Ulisikika kama mtu anayeona riziki inaondoka.

"Mparachichi unapandwa kwa nafasi gani?" yule mwanamume aliniuliza.

"Mita nane. Kumi ni bora zaidi."

Akatazama miguu yake, maana hakuwa na pa kuiweka. "Na ekari uliyoiandika ni hii?"

"Ni hii."

"Uliandika ina muhogo na maharage."

"Ilikuwa nayo."

Nikawaomba, nikawabembeleza, wakakubali kushuka kijitoni. Yule mama aliinama, akageuza jani la maharage kutazama chini yake, akachambua udongo kwa vidole kama mtu anayejua. Akasema nimefanya kazi nzuri. Halafu akasema kwa upole kabisa kwamba hii si ekari, na kwamba kule visiwani wana watoto wanaolima juu ya mawe ambao wazazi wao wamewatengea kipande kilicho bora. Afadhali angenifokea. Nilibaki nimesimama kwenye tope mpaka niliposikia gari likiwaka. Jibu lilikuja kwa simu kabla likizo haijaisha, kwamba nafasi amepewa mwingine na wananitakia kila la heri na mume wangu.

Nilikaa siku kadhaa bila kuzungumza na baba. Namwandalia maji ya kuoga, namwekea chakula, basi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua mwanamke anaweza kuwa nayo kwa mzazi wake. Ilinijia nikila, ilinijia nikisali. Nilimwambia mama kwamba mume wake ameuza maisha yangu kwa miti iliyokufa, na mama akaniambia nisiseme hivyo, lakini hakusema si kweli.

Jioni moja baba alinifuata kijitoni nikipalilia. Nilikuwa napalilia kwa mazoea tu, hakuna aliyekuwa anakuja kuona tena. Akakaa kwenye ukingo, akavua kofia.

"Unajua kwa nini ile nyumba niliijenga kwenye ekari yako?"

"Ili ulipwe zaidi."

"Ningetaka kulipwa zaidi ningeijenga kwangu, kwangu pana nafasi. Niliijenga kwako ili fidia itoke kwa jina lako. Ikitoka kwa jina langu, kaka zako watasema ni ya kununua ng'ombe wao waliouzwa, na mimi sina la kuwajibu. Ikitoka kwa mji wako wewe, hakuna wa kuigusa. Ungelipa chuo mpaka mwisho bila kumwomba mtu. Hata wale wa mfuko ungewaambia asante, sihitaji."

Nikaacha jembe.

"Mbona hukuniambia, tata?"

"Ungekataa. Ungeniambia habari ya nafasi."

Na ningekataa kweli. Hapo ndipo nilipoishiwa. Mpaka dakika ile nilikuwa na mtu wa kumchukia, na kuchukia kunasaidia kuamka asubuhi. Nikamtazama mzee wangu pale ukingoni, vidole vyake vimepasuka kwa kupanda miche ile yote peke yake, na sikuwa tena na mahali pa kuipeleka hasira. Nililia, na yeye akaniacha nilie, akiigeuza geuza ile kofia mikononi.

Wathamini hawakuja upande wetu. Mpaka mpya wa mgodi ulipita kwingine, wakalipwa watu wengine. Kiangazi kikaja, miche ikanyang'anyana maji, ikakauka ikiwa imesimama, na mwaka ule tulinunua unga kutoka kijiji cha Nyansurura, sisi ambao zamani tulikuwa tunauza. Mabati kaka mkubwa aliyang'oa na kuyapeleka mnadani. Chuo kilifunguliwa bila mimi. Mwenzangu wa chumbani alinipigia simu kuuliza niko wapi, nikamwambia nakuja juma lijalo, na juma lililofuata sikupokea.

Walipokuja watu wa kuniposa, walitoka huko huko Nyansurura, wakulima na wafugaji, watu wazuri tu, sina neno baya juu yao. Kaka zangu walifurahi waziwazi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliulizwa, nikasema sawa, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kusema.

Kwetu siku ya kupokea mahari ni siku ya baba. Ng'ombe wanaingizwa uani mmoja mmoja, na baba wa binti anatoka na fimbo, anamzunguka kila mmoja, anamtazama meno, anamtazama kwato, na lazima awakatae wengine. Amekonda huyu, mrudisheni. Huyu ni mzee, leteni mwingine. Wageni wanalalamika, wanapandisha sauti, wanarudi kwao kutafuta wengine, na ndani binti anasikiliza anavyogombewa. Marafiki zangu wote waligombewa hivyo. Mmoja baba yake alikataa nusu ya kundi, na rafiki yangu huyo akalizungumza jambo hilo kwa majivuno mpaka alipozaa.

Mimi nilikaa chumbani na shangazi, nasikia kwato uani. Baba hakutoka. Alisema kichwa kinamuuma, akamtuma kaka mkubwa akapokee badala yake. Yuko chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, nilimsikia akikohoa. Nilitamani atoke. Nilitamani amkatae hata ndama mmoja, aseme huyu hatoshi, huyu binti ni msomi. Nilingoja mpaka uani pakawa kimya, na ng'ombe wote wakawa wamepokelewa, bila hata mmoja kukataliwa.